Mizani Iliyoning'inizwa Mtini: Uzito, Kazi na Chakula Wanging'ombe

Mizani ya kupimia watu ilienea katika vijiji vya Njombe kwa ajili ya waliokuwa wepesi mno. Mwishoni mwa mwaka 1983 serikali ya Tanzania, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianzisha katika Mkoa wa Iringa mpango wa lishe uliogharimiwa na serikali ya Italia. Ulianza na vijiji 168, kisha ukaenea mkoa mzima. Wanging'ombe ya siku hizo haikuwa wilaya. Ilikuwa kipande cha Wilaya ya Njombe, na Njombe yenyewe ilibaki ndani ya Iringa hadi mkoa mpya ulipoanzishwa mwaka 2012. Kila baada ya miezi mitatu kina mama walipeleka watoto wa chini ya miaka mitano penye mizani ya kuning'iniza. Mtoto akavalishwa kikaptula cha kitambaa, akainuliwa akilia, na uzito wake ukaandikwa kwenye kadi. Leo, katika eneo hilo hilo, anayeulizia habari za kilo huenda akawa mtu mzima wa Makambako au Njombe mjini anayetaka kupungua, na ushauri anaoupata unatoka mbali na kwao: vidonge, chai ya kusafisha tumbo, mlo wa siku saba. Nadhani ushauri ulio bora zaidi ulikwisha kutolewa hapa hapa, miaka arobaini iliyopita, kwa watu waliokuwa na tatizo la kinyume. Mpango ule wa kuwaongezea watoto uzito ulikuwa shule ya jinsi uzito wa binadamu unavyobadilika polepole, na mafunzo yake yanamfaa vilevile anayetaka kuupunguza.

Kabla ya mizani hiyo, mwili wa mkulima wa Ubena, yaani nchi ya Wabena huku Njombe, ulifuata kalenda. Mvua huanza Novemba au Desemba, na ndipo jembe linapodai nguvu nyingi. Ndipo pia ghala linapokaribia sakafu, kwa kuwa mahindi hayavunwi hadi katikati ya mwaka. Miezi ya kazi nyingi ikawa ndiyo miezi ya chakula kidogo. Watu wakapungua wakati wa palizi na kurudisha mwili baada ya mavuno. Watafiti waliofuatilia hali kama hiyo kwa miaka mingi katika kijiji cha Keneba, Gambia, walipima wanawake wakipoteza kilo kadhaa kila msimu wa mvua na kuzipata tena kiangazi. Wanging'ombe ilikuwa na kinga yake kiasi, kwa sababu ardhi yake ina sura mbili: upande wa juu, Kipengere na Imalinyi, ni baridi na hulima viazi na ngano; upande wa chini, kuelekea bonde la Usangu, ni joto na hulima mtama, alizeti na mahindi. Kilichoadimika huku kingeweza kutafutwa kule. Ulanzi nao, ambao hugemwa kwenye mianzi wakati wa mvua, uliingia tumboni katika miezi ile ile ya upungufu, na kileo kina kalori 7 kwa kila gramu. Lakini kwa jumla kupungua na kuongezeka kulikuwa mambo ya msimu. Hakuna aliyeamka asubuhi akaamua kupunguza mwili, na aliyepungua nje ya majira yake alionekana ana ugonjwa au ana shida.

Hesabu ya kalori iliingia katika maisha ya watu hawa kwa mlango wa mwajiri. Katika miaka ya 1890 mkemia Wilbur Atwater, huko Connecticut, Marekani, alijenga chumba ambamo mtu aliishi kwa siku kadhaa huku joto la mwili wake na hewa aliyoivuta vikipimwa. Kutokana na kazi yake na ya wenzake tulipata hesabu zinazotumika mpaka leo: kalori 4 kwa gramu ya wanga au protini, 9 kwa gramu ya mafuta. Huko makoloni hesabu hiyo ilihusishwa haraka na swali la matajiri wa mashamba: kibarua apewe chakula kiasi gani ili mkono wake usilegee? Wanaume wa Njombe walilijua swali hilo kwa matumbo yao. Kwa miongo kadhaa walikwenda mashamba ya mkonge kama manamba, na kuanzia mwaka 1944 chombo cha waajiri kilichoitwa SILABU kiliwaandikisha na kuwasafirisha kwa maelfu. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Njombe, ameonyesha jinsi familia zilivyojipanga kuzunguka safari hizo. Kule mkonge chakula kilipimwa kama posho, na kazi ikapimwa kama kipande. Nyumbani mwanamke alibaki na kazi zote mbili, yake na ya mwenzake, wala hakuna aliyempimia. Basi anayesema kwamba kalori ni namba ya kigeni isiyomhusu ana historia upande wake. Kwa babu yake ilikuwa hesabu ya mtu mwingine kuhusu mwili wake, iliyofanywa bila yeye kuulizwa.

Uhuru ulileta lugha nyingine ya mwili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mnyonyaji aliitwa kupe, na wachoraji wa katuni walimpa kitambi. Unene, ambao mitaani ulisomwa kama dalili ya neema, jukwaani ulisomwa kama ushahidi wa kula jasho la wengine. Nchi nzima ikabaki na mawazo hayo mawili yasiyopatana, na bado inayo. Miaka hiyo hiyo serikali ilianza kuzungumza na wananchi kuhusu afya kwa njia ambayo leo tumeisahau kuliko inavyostahili. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, wakaamua la kufanya. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa imeundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Sambamba na hayo, operesheni ya vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwatoa watu wa Njombe katika makazi yaliyotawanyika na kuwasogeza pamoja, mara nyingi mbali na mashamba yao, huku mbolea ya ruzuku na bei moja ya mazao nchi nzima vikiifanya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma kuwa mikoa minne inayolisha taifa. Mahindi yakajaa maghala. Watoto wa mikoa iliyolisha taifa wakaendelea kuwa wepesi.

Hapo ndipo fumbo lilipokuwa, na hapo ndipo mpango wa 1983 ulipoanzia. Mizani iliwekwa kijijini ili kijiji chenyewe kione. Kadi ilikuwa na kanda za rangi: kijani kwa anayeendelea vizuri, kijivu kwa aliyeanza kuachwa nyuma, nyekundu kwa aliye hatarini. Matokeo yalijumlishwa yakapelekwa kwa kamati ya afya ya kijiji na kwenye serikali ya kijiji, na swali likawa: kwa nini mtoto wa fulani amebaki palepale tangu robo iliyopita? Wataalamu waliuita utaratibu huo kwa herufi A tatu za Kiingereza, lakini maana yake ni nyepesi. Unapima, unachambua sababu, unachukua hatua iliyo ndani ya uwezo wako. Kisha unapima tena, na kipimo kipya kinaihukumu hatua yako. Uchambuzi ukawapeleka wanakijiji mahali ambapo wengi hawakutarajia. Mara nyingi chakula kilikuwepo. Mtoto alipewa mara mbili kwa siku kwa kuwa mama alikuwa shambani tangu alfajiri, alikuwa akiharisha, uji wake ulikuwa wa unga mtupu. Mzigo wa kazi za mwanamke ukaandikwa rasmi kuwa sababu ya utapiamlo. Katika Wanging'ombe hilo liliambatana na mradi mkubwa wa maji ya mserereko uliojengwa kwa msaada wa UNICEF kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, uliopunguza safari za ndoo kichwani. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito mdogo katika vijiji vya mpango walipungua kutoka asilimia 56 hivi hadi 38, na wenye utapiamlo mkali kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Mchoro wa sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza mwaka 1990, na ambao hadi leo hufundishwa vyuo vya lishe duniani kote, ulikomaa kutokana na uzoefu huu wa Iringa.

Anayependa kushuku atasema kwamba takwimu za mradi husimuliwa na mradi, kwamba hapakuwa na vijiji vilivyoachwa kando vya kulinganishia kwa ukali unaotakiwa, na kwamba chanjo na maji vilisaidia. Nakubali yote matatu. Lakini hayanipunguzii hoja, kwa sababu ninachokitafuta katika mpango ule ni namna ya kufikiri zaidi kuliko asilimia. Tazama ilichokataa. Ilikataa kupima mara moja na kutoa hukumu. Kipimo kimoja kilihesabiwa kuwa nukta, na nukta peke yake haisemi kitu mpaka ipate nyingine za kuunganishwa nazo. Ilikataa kutafuta chakula kimoja cha ajabu. Ilikataa, angalau kwenye karatasi, kumlaumu mama kwa uzembe kabla ya kuhesabu saa zake. Na ilikataa haraka: miezi mitatu ndiyo ilikuwa umbali kati ya swali na jibu. Mambo hayo manne ndiyo yanayokosekana katika biashara ya kupunguza uzito mijini, inayouza kipimo kimoja cha aibu, dawa moja, lawama moja na ahadi ya wiki mbili.

Kisa cha uji kinaonyesha vizuri zaidi jinsi mafunzo yale yanavyogeuzika. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mzito wa mahindi au mtama humjaza kabla hajapata nguvu za kutosha, na ukiufanya mwepesi unamnywesha maji. Wataalamu wa lishe nchini walichukua ujuzi ambao watengenezaji wa pombe za kienyeji wamekuwa nao tangu zamani: nafaka ikioteshwa, ikakaushwa na kusagwa, inakuwa kimea, na kijiko kidogo cha kimea hulainisha sufuria ya uji mzito mpaka unyweke. Hivyo mama anaweza kutia unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile. Jambo hilo lilijaribiwa katika kijiji cha Luganga, Iringa. Lugha ya maabara ingesema wameongeza kalori kwa kila gramu ya chakula. Kijijini ilitosha kusema uji umekuwa mwepesi na mtoto anamaliza bakuli. Mtu mzima mwenye kilo kumi za ziada anahitaji kugeuza shauri hilo juu chini: chakula kinachojaza tumbo kwa kalori chache. Na hapa Njombe imebarikiwa kuliko inavyojua. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwalisha watu vyakula 38 vya kalori sawa, kisha wakapima shibe yao kwa saa 2. Viazi vya kuchemsha viliongoza vyote kwa mbali; chipsi zilipata chini ya nusu ya alama hizo. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori karibu 90, na zikikaangwa kuwa chipsi hukaribia 300. Ni kiazi kile kile, kilichotoka Wanging'ombe kwenye gunia, kikapita Makambako kwa lori kwenda Dar es Salaam, na kurudi kwenye barabara ile ile kama mtindo wa kula wa stendi.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo haikwepeki. Mwili ni kama ghala la familia: kinachoingia kikizidi kinachotolewa, kiwango hupanda, na hakuna dua inayobadilisha hilo. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kalori zipatazo 7,700. Kutokana na namba hiyo watu walijitengenezea kanuni kwamba ukipunguza kalori 500 kwa siku utashuka nusu kilo kila wiki, daima. Kanuni hiyo hudanganya kadiri muda unavyopita, kwa sababu mwili ukipungua nao hutumia kidogo. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake, wa taasisi za afya za taifa za Marekani, walichapisha hesabu inayokaribia ukweli zaidi: kwa mtu mzima wa kawaida, kila kalori 24 zinazopunguzwa kwa siku, na kubaki zimepunguzwa, huishia kuondoa kilo moja hivi; nusu ya upungufu huo hupatikana katika mwaka wa kwanza na karibu wote ndani ya miaka 3. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120. Kwa hiyo anayepunguza kijiko kimoja tu kwenye sehemu yake ya kila siku, bila kubadili kingine, anaelekea kushuka kilo kama 5, ila kwa mwendo ambao hakuna mteja wa chai ya kusafisha tumbo angekubali kuulipia. Huo ndio mwendo wa kadi ya kliniki, ambayo mhudumu wa mwaka 1985 aliisoma kwa robo za mwaka bila kushangaa kwamba wiki hii haikuonyesha kitu.

Pingamizi la kwanza la maana linatoka kwa wanaosema kwamba tatizo ni kazi, chakula kisilaumiwe. Zamani watu wa Ubena walitwanga kwa kinu, wakatembea kilomita nyingi, wakalima kwa mkono. Leo kuna mashine ya kusaga, bodaboda na trekta la kukodi, kwa hiyo unene umekuja wenyewe. Lina ukweli wa wazi, na mabadiliko hayo yana historia inayoonekana kwa macho: reli ya TAZARA iliyoanza kazi rasmi katikati ya miaka ya 1970, barabara kuu ya Zambia, barabara ya lami ya Makambako hadi Songea ya miaka ya 1980, na pikipiki za bei nafuu za karne hii. Lakini ushahidi mmoja kutoka Tanzania yenyewe unanizuia kulikubali lote. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, watu wanaowinda, kuchimba mizizi na kutembea kila siku. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, walikuta Wahadzabe hawatumii kalori nyingi kwa siku kuliko watu wa mijini huko Marekani na Ulaya. Mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Wataalamu bado wanabishana juu ya kiasi cha kubana huko. Kwa upande wangu natoa hitimisho la kiasi: kazi hulinda moyo, misuli na sukari ya damu, na humsaidia aliyepungua asirudi alikotoka, ila anayetaka kushuka asitegemee jembe peke yake. Sahani ndiyo ina neno kubwa zaidi. Mpango wa Iringa nao haukuwaambia watoto wapunguze kucheza, ulikwenda jikoni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolipuuza hawaijui Njombe. Kupungua uzito mahali hapa kumebeba kivuli cha UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta Mkoa wa Njombe ukiongoza nchi kwa maambukizi, asilimia 14.8 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.1; mwaka 2016–17 mkoa ulikuwa bado unaongoza kwa 11.4. Kwa miaka kama ishirini kabla ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bure katika miaka ya 2000, familia nyingi zilijifunza kusoma shavu lililobonyea na suruali inayokazwa kwa kamba. Dawa zilipofika, kurudi kwa mwili kukawa habari njema inayoonekana mtaani. Katika historia kama hiyo, kumwambia mama wa miaka 45 kwamba apunguze kilo kumi ni kumtaka avae sura ambayo majirani zake waliizika mara nyingi. Anaogopa maswali, na ana haki ya kuogopa. Ndiyo maana nadhani mwendo wa polepole hapa una faida ambayo vitabu vya lishe vya Ulaya haviitaji. Anayeshuka kilo moja kwa miezi miwili hageuki ghafla machoni pa watu. Ngozi yake haisinyai, nguvu zake zipo, anaendelea kwenda shambani na kanisani, na jirani hapati siku ya kushtuka. Anayejinyima hadi kushuka kilo nane kwa mwezi huwapa watu habari ya kueneza, na wengi huacha njiani ili tu kuikomesha. Fikra ya mtu haiwezi kutengwa na mtaa anaoishi. Wauza vidonge humtazama mteja kana kwamba anaishi peke yake kisiwani.

Kuna wanaouliza kwa hasira ya haki: tunazungumziaje kupungua katika mkoa ambao, kwa utafiti wa afya ya jamii wa 2022, nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30? Swali hilo hudhani kwamba njaa na unene hukaa nyumba tofauti. Utafiti huo huo ulikuta asilimia 36 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, kutoka 28 mwaka 2015–16. Mama mzito na mtoto mfupi wanaweza kula chungu kimoja chenye unga mwingi, mafuta mengi na vingine vichache. Tena wanaweza kuwa mtu mmoja kwa nyakati mbili: uchunguzi uliofanywa São Paulo, Brazil, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta watoto waliodumaa wakichoma mafuta kidogo kuliko wenzao wa mitaa ile ile, mwili uliojizoeza kuweka akiba. Mtoto wa kadi nyekundu wa mwaka 1984 ana miaka arobaini na kitu leo. Huenda ana duka Makambako, anakaa kwenye kiti kutwa nzima, na anakula kwa mara ya kwanza katika ukoo wake bila kungoja mavuno. Uzito wake ni sura ya pili ya historia ile ile, na sioni kwa nini Wizara ya Afya au halmashauri zilifunge faili baada ya sura ya kwanza.

Wapo pia wa nidhamu, wanaosema kila kitu ni utashi: funga mdomo, basi. Nawajibu kwa uchambuzi wa kijiji. Mpango wa Iringa ulipomkuta mtoto kwenye kijivu haukuuliza kama mama ana utashi. Uliuliza anapika mara ngapi, maji yako umbali gani, nani anabaki na mtoto. Kwa mtu mzima maswali ni ya namna hiyo hiyo. Nani anamimina mafuta kwenye sufuria ya nyumbani? Soda inanunuliwa kwa kiu au kwa heshima ya mgeni? Chakula cha jioni kinaliwa saa ngapi baada ya duka kufungwa? Misiba na harusi za Jumamosi ni ngapi kwa mwezi, na je, inawezekana kula kidogo mezani pa watu bila kuonekana una kinyongo? Parachichi, ambalo katika miaka ya karibuni limekuwa zao la fedha la Njombe, ni chakula bora, lakini gramu 100 zake zina kalori 160, na anayeliongeza juu ya ugali bila kupunguza ugali ameongeza tu. Utashi upo na una kazi yake. Kazi yake ni kubadili utaratibu mmoja na kuulinda kwa miezi, mpaka usiwe tena jambo la kupigania kila mlo.

Siku ya afya na lishe ya kijiji bado ipo, kila robo mwaka, na bado inapima watoto. Mtu mzima wa Wanging'ombe hukutana na mizani akiwa mjamzito au akiwa mgonjwa, iwe kwenye zahanati ya kijiji au hospitali ya Ilembula, basi kilo zake huingia kwenye daftari la siku hiyo na kubaki nukta isiyo na mwenzake. Kuongeza mizani ya kusimama pembeni ya ile ya watoto, pamoja na kipimo cha shinikizo la damu na utepe wa kupimia kiuno, si gharama ya kumtisha mkurugenzi wa halmashauri. Watu wanakuwepo pale tayari, wengi wao wakiwa wale wale waliolia kwenye kikaptula cha kitambaa. Kadi yao ingehitaji mistari tofauti na robo nne kwa mwaka, kwa miaka mitatu angalau. Utaratibu mmoja wa mwaka 1984 ndio usirudishwe. Wakati ule matokeo yalijadiliwa na kamati nzima, kwa majina, na kwa mtoto asiyeweza kujitetea ilifaa. Mtu mzima apimwe nyuma ya pazia, na kadi aondoke nayo yeye.